Nyumba Zilizofungwa za Nyakiumbu

Alhamisi, tarehe 16 Machi 1995, saa nne na robo asubuhi, Kibiti. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza tangu alfajiri na haikuonyesha nia ya kukatika. Upepo haukuwapo, na mabati ya ukumbi wa parokia yalitoa sauti moja isiyopanda wala kushuka.

Tulikuwa watatu mezani. Katikati alikaa Padre Michael, mkurugenzi wa programu ya haki na umaskini duniani ya chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki cha ng'ambo. Kulia kwake alikaa Dakta Consolatha, mzaliwa wa Bukoba aliyesoma katika chuo hicho na kubaki huko kufundisha, naye ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Kushoto nilikaa mimi, Mwalimu Nicolaus, mratibu wa kazi zote za programu katika delta ya Rufiji. Mbele yetu palikuwa na orodha ya vijiji ambavyo vingehudumiwa kwa miaka mitatu iliyofuata. Ilikuwa imekwisha kupigwa chapa na ilisubiri saini ya Padre.

Huduma yenyewe ilikuwa boti ya kliniki. Tangu zahanati zilipoanza kudai mchango kwa kila cheti, huku makabati yake yakiwa matupu, watu wa visiwani walikuwa wameacha kwenda kutibiwa. Boti yetu ilibeba mkunga na dawa, na kila Alhamisi ilipita katika mito ya delta ikisimama katika vijiji vyenye kaya arobaini au zaidi; hata kabla ya saini ilikuwa ikifuata orodha hiyohiyo kwa majaribio. Mwongozo wa kuhesabu kaya hizo niliuandika mimi. Kifungu cha nne kilisema hivi: isihesabiwe kaya ambayo mwandishi hakuikuta mlangoni pake. Mwongozo ule ulisomwa na kusifiwa huko chuoni, na barua ya sifa niliihifadhi ndani ya Biblia yangu.

Padre alikuwa amekwisha kufungua kalamu tuliposikia hodi.

Aliyeingia alikuwa Mzee Khamisi wa kijiji cha Nyakiumbu, kata ya Maparoni. Alikuwa ameloa kuanzia kofia hadi miguuni, akabaki amesimama karibu na mlango ili asilowanishe sakafu. Nilikuwa nimesikia habari za msiba wake wiki tano zilizopita, nami sikwenda kumpa pole.

"Karibu ukae, mzee," alisema Padre Michael kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Nimeshakaribia, padri. Nitasimama tu, maneno yangu si mengi." Akanigeukia. "Mwalimu, hujambo? Mama watoto hajambo?"

"Hatujambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniita mwanangu kama alivyoniita siku zote, na hilo ndilo lililokuwa gumu kwangu kuliko yote yaliyofuata.

"Sikuja kulia," alianza. "Kulia tumeshalia. Nimekuja kuomba boti isimame kwetu. Tarehe tisa mwezi wa pili, Alhamisi, tumo ndani ya Ramadhani, binti yangu Zamda alikuwa ana siku ya pili ya uchungu. Nikamwambia mama yake, leo boti inapita. Nikapiga kafi mpaka mto mkubwa, nikasimama juu ya mtumbwi nikapunga kanga. Nahodha akaniona, akanipungia."

"Akakupungia?" aliuliza Dakta Consolatha.

"Akanipungia, kama mtu anavyomsalimu mwenziwe. Akapita. Niliporudi, mtoto alikuwa ametangulia. Zamda alimfuata kabla ya kufuturu."

Padre aliweka kalamu chini. "Kwa nini hakusimama?"

Swali lile lilikuwa langu kujibu. "Nahodha anafuata orodha, Padre," nilisema. "Boti ikisimama kila inapopungiwa, haitafika inakokwenda."

Sentensi ile ilikuwa ya kweli. Nilikwisha kuitamka mara nyingi katika semina, na watu waliiandika kwenye madaftari yao.

Padre akafunua karatasi za hesabu. "Hapa Nyakiumbu ina kaya ishirini na tatu. Nyumba hamsini na nane zimeandikwa kuwa wenyewe wamehama."

"Hawakuhama, padri. Walikuwa bondeni kwenye mpunga. Sisi ukishapanda, huwezi kukaa kijijini. Nguruwe watakula shamba lote. Unajenga dungu, kibanda juu ya miti, unapanda humo na mkeo na watoto na kuku wako mpaka uvune. Nyumba unaifunga kwa kuegesha mti mlangoni. Hata Zamda hakufia nyumbani, alifia dunguni. Tulimrudisha kumzika, tukafungua nyumba siku tatu za matanga. Kijiji kizima kilikuwapo. Mngekuja siku zile tatu mngetuhesabu wote. Kisha tukafunga tena, maana nguruwe hawajui msiba."

Dakta Consolatha alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mzee," Padre alisema, "nitakwambia ukweli. Chuo hakibadilishi orodha kwa huruma. Kikifanya hivyo kwako, kitafanya kwa kila mwenye msiba, na misiba ni mingi. Kinabadilisha kwa kosa la hesabu, na kosa lazima lithibitishwe na aliyehesabu. Nikiisha kutia saini, ni miaka mitatu."

"Mimi nina binti mwingine, padri. Hafsa. Mimba yake ina miezi saba na yumo dunguni sasa hivi. Miaka mitatu hana."

Dakta akanigeukia. "Mwalimu, ulipokuwa ukihesabu, kuna mtu aliyekueleza habari hizi za madungu?"

Sasa ni lazima nieleze jinsi nilivyohesabu.

Nilifika Nyakiumbu mwezi Mei wa mwaka uliotangulia, nikafikia kwa Khamisi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwa na ubao wa kuandikia, soksi zimevutwa hadi magotini kama tulivyofundishwa shuleni kwetu, ambako kengele ililia saa kumi na moja na nusu na aliyechelewa alisikiliza misa nzima akiwa amepiga magoti kwenye kokoto. Nyumba nyingi zilikuwa na mti mlangoni. Kwa kila moja niliandika: imehamwa. Bibi mmoja, Mwanasiti, aliyebaki kijijini kwa sababu miguu haikumruhusu kupanda dungu, alinifuata kwa macho kutoka barazani.

"Mwalimu, umekuja kuhesabu watu au kuhesabu miti ya milango?" aliniuliza.

"Nahesabu kaya, bibi."

"Basi mwandike na mbuzi wangu. Yeye yupo mlangoni."

Waliokuwapo wakacheka. Mimi sikucheka.

Jioni ile Khamisi alinisihi. "Mwanangu, wenyewe wako bondeni. Nipe siku tatu tu, nikupeleke kwa mtumbwi dungu moja moja, uwaone kwa macho yako."

"Mwongozo unasema mlangoni, mzee."

"Na dungu lina ngazi. Ngazi si mlango?"

"Ratiba yangu inaisha kesho."

Zamda alikuwa ametoka bondeni siku hiyo kuchukua chumvi. Alikuwa akitutengea wali, akasema bila kunitazama, "Baba, mwache mwalimu. Utotoni alituchapa kwa utoro, sasa anatufuta kabisa."

Hiyo ndiyo aibu yangu. Kabla ya kuajiriwa na programu nilifundisha shule ya msingi ya pale kwa miaka mitatu. Kila mwaka madarasa yalibaki nusu tangu mpunga ulipoanza kuota, na kila mwaka watoto waliporudi kutoka madunguni niliwapanga mstari nikawachapa viboko vinne vinne. Hapakuwa na mtumishi mwingine wa programu aliyejua kuliko mimi walikokuwa wenye nyumba zile. Lakini kuwahesabu kungekuwa kukiri kwamba kifungu cha nne hakifai, na kifungu cha nne kilikuwa changu.

Nikamjibu Dakta Consolatha: "Nilifuata mwongozo."

"Sikukuuliza mwongozo, Mwalimu. Nimeuliza kama uliambiwa."

Nilimtazama Khamisi. Neno lake moja lilitosha kunimaliza, na alikuwa na haki zote za kulitamka. Badala yake alivua kofia, akaikamua maji taratibu.

"Dakta, mwalimu alikuwa mgeni wangu," alisema. "Siku zile mvua ilikuwa nyingi, naye alikuwa na safari. Huenda miye sikumweleza vizuri. Sisi watu wa huku maneno yetu yanazunguka."

Nilielewa alichokuwa akifanya. Kwa watu wale, mtu aliyelala chini ya paa lako hafedheheshwi mbele ya wakubwa wake, hata kama amekukosea, na hata kama ulinzi huo unakugharimu. Khamisi alikuwa amesafiri zaidi ya siku mbili kuja kuomba boti. Alipoona kwamba boti haiwezi kupatikana bila kunivua nguo mbele ya watu, alisita, akanifunika.

"Basi hakuna kosa la mwandishi," alisema Padre Michael kwa huzuni ya kweli. Akaichukua kalamu.

Mwaka wa pili wa ualimu wangu nilishikwa na malaria iliyonipanda kichwani. Khamisi na Zamda, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba, walinilaza ndani ya mtumbwi na kunipiga kafi kutwa mbili mpaka Nyamisati. Zamda ndiye aliyekuwa akinimwagia maji kichwani kwa kata. Nilipopona nilimwambia baba yake kwamba nina deni kwake maisha yangu yote. Alicheka. "Deni lenyewe halili wala halinywi," alisema. "Litakaa tu."

Nilisimama. Shuleni kwetu tulifundishwa kuungama tukiwa wima, mikono nyuma, bila kutafuta sababu.

"Padre, usitie saini," nilisema. "Mzee Khamisi alinieleza waziwazi. Aliniomba siku tatu anipeleke kwenye madungu, nikakataa. Hata asingenieleza, nilijua. Nimefundisha pale miaka mitatu. Watu wale hawakuhama, na nilipoandika kwamba wamehama, nilijua ninaandika uongo."

"Ulijua?" alirudia Padre.

"Nilijua."

"Kwa nini, Nicolaus?"

"Kwa sababu mwongozo ulikuwa umesifiwa."

Dakta Consolatha alinigeukia. Nilitarajia hasira, na ningeipokea. Alichosema kilikuwa: "Na juzi ulipotuandalia taarifa ya vifo, uliandika kwamba katika maeneo ya programu hakuna mama aliyekufa kwa uzazi."

"Nyakiumbu haimo katika maeneo ya programu, Dakta."

Nilijisikia nikiyasema maneno hayo. Niliketi.

Padre alichukua orodha, akaandika chini kabisa kwa mkono wake: Nyakiumbu, kaya themanini na moja, na madungu yake. Akanipa karatasi nyeupe niandike maungamo yangu kwa barua ya kwenda chuoni, nikaandika. Alipoisoma aliniomba funguo za stoo ya boti. Nilizitoa mfukoni na kuziweka mezani. Mwezi Juni nilikuwa nisafiri kwenda kukaa miongoni mwa viongozi wa programu huko ng'ambo. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tena, nami sikuliuliza.

Nilimkuta Khamisi kibarazani, akisubiri mvua ipungue. Dakta Consolatha alikuwa amemwambia kwamba boti ingesimama kuanzia Alhamisi ya wiki iliyofuata, na kwamba mkunga angeanzia kwa Hafsa. Nilisimama kando yake. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mabati mbele yetu.

"Mzee," nilisema, "sikuja matangani."

"Nilikuona hukuja."

"Niliogopa."

"Nyumba ilikuwa wazi siku tatu, mwalimu." Hakuniita mwanangu. "Mama yake alikuwa akiuliza, mwalimu hajafika? Nikamwambia ana kazi."

Alivaa kofia yake iliyoloa, akaiweka sawa kwa viganja viwili.

"Lile deni la mtumbwi," nilisema.

"Lile umelipa leo. Nimelipokea, na mbele ya Mungu sikudai tena."

"Na la Zamda?"

Alishuka ngazi, akasimama mvuani, akageuka.

"La Zamda usinilipe. Ukileta, sitapokea."

Akaenda zake kuelekea barabara ya Nyamisati, wala hakuharakisha kwa sababu ya mvua.