Viti Sita vya Wasikilizaji

Isnino hakuwa amesimama nje ya ukumbi hata muda wa kumaliza kikombe cha chai, na tayari mtu alikuwa amemtia shilingi mkononi. Aliyetia alisema "Subhanallah" tu, akaenda zake. Ndivyo mambo yalivyokuwa Garissa: ukiwa kipofu, kusimama tu kulitosha kuwa kuomba. Alikuwa amevaa buibui jipya, amelipiga pasi kwa kupapasa, na kwapani alikuwa na karatasi zake za maandishi ya nukta. Nani angejali? Mpango uliokuwa ukijadiliwa ndani ulikuwa wake, naye alikuwa juani kwa sababu mlinzi aliambiwa waombaji wasiingie.

"Mimi ni wa kamati," alimwambia tena.

"Ngoja Ijumaa, abaayo, dada yangu. Ijumaa watu hutoa vizuri."

Hasira zikampanda. Aliita jina la katibu, Abdikafi, aliita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, mpaka Abdikafi mwenyewe akatoka mbio kumshika mkono. "Tulidhani umechelewa," alisema.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu kueleza. Mwaka huo, tisini na tisa, shirika moja la Nairobi lilitaka kuweka habari za wilaya kwenye intaneti: bei za mifugo, siku za daktari wa macho, zamu za maji. Isnino alikuwa amesoma shule ya wasioona huko bara, akawahi kukaa mbele ya kompyuta inayosoma kwa sauti. Alijua inapokwamia. Ikifika kwenye picha ambayo mwandishi hakuieleza kwa maneno, husema "picha", kisha kimya. Ukurasa mzima waweza kuwa picha, picha, picha, na wewe umekaa pale kama mjinga. Basi alimfuata afisa wa shirika hadi hotelini kwake, akamwambia: tufanye siku moja. Vijana waliosomea kompyuta waandike hizo kurasa, na kando ya kila kijana akae kipofu, asikilize, amwambie palipomshinda, naye arekebishe papo hapo.

Afisa alifurahi, akaongeza la kwake. Kompyuta zingekuwa sita, wafadhili wazungu wangekuja kutazama siku hiyo, na wasikilizaji wote sita wangeajiriwa mwaka mzima kukagua kurasa za shirika.

Ajira! Isnino alikuwa na miaka ishirini na minne, na kazi pekee aliyowahi kupewa mjini ilikuwa kukaa kimya. Alizunguka mitaa na mama yake, Lul, akapata wenzake watano. Mmoja wao, Hinda, alikuwa akifichwa chumba cha nyuma kila wageni walipokuja, dada zake wasije wakakosa wachumba. Hinda alipoambiwa kuhusu kazi, alicheka, kisha akalia, kisha akauliza kama mshahara atapewa yeye au kaka zake.

Sasa ndani ya ukumbi Mzee Yarrow, mwenyekiti wa kamati, alikuwa akizungumza Kiswahili kwa heshima ya afisa.

"Kombyuta iko sita. Koo yenye kiti hapa iko sita. Allah amegawa mwenyewe. Kuna maneno ingine?"

"Adeer," alisema Isnino, akimwita ami kwa heshima, "viti vya kusikiliza ni vya vipofu. Nimeshawapata."

"Bole bole, binti. Fipofu wa nani?"

Swali lilimshangaza. "Wa Garissa."

"Garissa si ukoo."

Watu walicheka, na Isnino aliwasikia wakicheka kwa raha, kama watu walioshiba. Mzee Yarrow akaeleza polepole, kwa afisa na si kwake. Mahindi ya msaada wakati wa ukame yaligawanywa kwa koo. Tangi la maji liligawanywa kwa koo. Ndiyo maana hakuna mtu aliyechinjwa. Ukianza kugawa kwa macho, kesho mtu atataka mgawe kwa meno.

"Lakini ukoo usio na kipofu utafanyaje?" aliuliza afisa.

"Kijana atafunga macho na kitambaa. Akifunga, anaona?"

Afisa alifikiri. "Haoni."

"Basi, si ni kifofu?"

Isnino akacheka, akidhani ni mzaha. Alicheka peke yake. Alimsikia afisa akikohoa, akivuta kiti chake. "Mimi ni mgeni," alisema afisa. "Siwezi kuvunja utaratibu wa wenyeji, na wafadhili wanasisitiza jamii ishirikishwe. Muhimu wasikilizaji wawe sita."

"Hinda je?" Isnino alipaza sauti. "Ukoo wake una kiti, naye ni kipofu kweli!"

Ami yake Hinda alikuwa humo humo. "Tumtoe kipofu atuwakilishe mbele ya wazungu? Mji utasema hatuna vijana."

"Na mimi?"

Kila mtu pale alijua habari za kina Isnino. Babu zake walikuja kutoka upande wa Balambala na mbuzi wachache, wakajiunga na ukoo wa Mzee Yarrow, wakachukua jina lake. Katika kulipa walikuwa ndugu. Katika kupokea walikuwa wageni.

"Kiti chetu ni ya Ridwan," alisema Mzee Yarrow. Ridwan alikuwa mtoto wa kaka yake.

"Ridwan anamwona ngamia aliye ng'ambo ya mto, adeer! Mimi ni wenu pia. Kijana wenu alipoua mtu, mkadaiwa diya, baba yangu alitoa ngamia wake wa maziwa. Siku hiyo hamkuuliza sisi ni wa nani."

"Alitoa. Allah amlipe." Sauti ya mzee haikupanda hata kidogo, na sasa alihama kutoka Kiswahili, akaongea Kisomali, taratibu, ili afisa asifuate. "Mama yako bado anauza maziwa pale mbele ya duka letu? Pazuri pale. Kuna kivuli."

Isnino akakaa.

Kikao kilipovunjika Abdikafi alimfuata hadi langoni. Alikuwa na harufu ya manukato na aibu, au pengine manukato tu. Yeye alikuwa miongoni mwa vijana watakaoandika kurasa.

"Ungesema neno moja," Isnino alimwambia.

"Ningelisema, ningekosa kiti changu cha kuandika." Angalau hilo alilisema bila kuzunguka. "Isnino, kuna jambo lingine. Hawa vijana hawajui kukaa kama... wageni watagundua. Na ile programu ya kusoma kwa sauti hawaijui kabisa. Afisa anaomba uje asubuhi uwaonyeshe. Chakula kitakuwepo."

"Niwaonyeshe nini? Kuwa vipofu?"

"Ukikataa, shirika linahamisha kompyuta Masalani. Tutakosa wote."

"Mimi nimeshakosa, walaal, ndugu yangu."

Nyumbani alimweleza mama yake kila kitu. Lul alikuwa akisuuza vibuyu kwa maji ya moto. Hakuacha kusuuza.

"Utaenda," alisema mwishoni.

"Mama!"

"Utaenda. Nikitolewa pale mbele ya duka, tutakula hizo nukta zako? Nenda uwafundishe, halafu uje hapa tulie wote wawili."

Akaenda. Asubuhi hiyo jenereta ilinguruma nyuma ya ukumbi, wanawake wakafanya mazoezi ya nyimbo za kukaribisha wageni, na katika chumba cha stoo, kati ya magunia na viti vibovu, Isnino alimfundisha Ridwan. Hakuwa kijana mbaya. Alimwamkia vizuri, akamfutia kiti vumbi.

"Usinyooshe mikono mbele hivyo," Isnino alimwambia. "Umemwona kipofu gani akitembea hivyo? Na usigeuze kichwa kila mtu akiita. Inamisha sikio. Hivyo hivyo."

"Na nikisikia inasema 'picha'?"

"Mwambie Abdikafi hapo pana picha isiyo na maneno, aandike inaonyesha nini."

"Inaonyesha nini?"

"Utajuaje, Ridwan, nawe huoni?"

Ridwan akacheka, akasema wallahi kazi hii ni ngumu.

Afisa alichungulia mlangoni na kamera yake, akamwambia Isnino amefanya kazi nzuri sana, na kwamba akae pembeni kidogo picha zikianza, asije akaziba. Nje magari yalisimama na vigelegele vikapanda. Isnino alichukua kitambaa cha Ridwan, cheupe, bado kina wanga wa dukani, akakikunja mara mbili. Alimfunga barabara, akakaza fundo kisogoni kwa nguvu zake zote. Ridwan alipapasa baobonye ya kompyuta, akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine, akasita.

"Abaayo, legeza kidogo," alinong'ona. "Sioni."

Isnino akalegeza.