Mtikisiko wa Jirani

Mngurumo ulipenya ukutani, mzito, wa kujiamini, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia sifa zake. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini juu ya meza ya shangazi taa ya kijani iliwaka: jenereta inafanya kazi, feni zinavuta hewa, mayai elfu mbili yamo salama kwenye mashine za kutotoleshea. Nikaendelea kusaka kina cha ubeti wangu.

Kisha shangazi akapiga ukelele. "Nani kazima jenereta? Vifaranga wananifia!"

Hakuna aliyeizima. Ilikuwa imezimika yenyewe kwa saa nzima. Kilichonguruma ni kinu cha kusaga nafaka cha jirani, kilichokaa nasi kwenye sakafu moja ya zege. Kiliitikisa sakafu, na kihisi changu, kidude nilichokifunga kwenye jenereta ili kiwashe ile taa, kikasadiki kuwa ni jenereta.

Mwezi mmoja kabla, fundi wetu, tuliyemwita Polepole, alikuwa amekigusa kidude kile kwa ncha ya bisibisi.

"Hiki kinapima mtikisiko, kijana, hakipimi injini. Weka swichi ya presha ya oili. Injini ikizima, presha inashuka. Presha haiazimwi kwa jirani."

Wafanyakazi walikuwa wanatutazama. Nikamjibu kwa sauti ya jukwaani:

*Zama zako zimekwisha, tupa spana ukalale,*
*Taa yangu itakesha, ikilinda huku kule.*

Walicheka hadi wakashikana mabega. Polepole naye alicheka kidogo. "Vina umeviweza, mshairi," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Siku ile ya maafa shangazi alisimama katikati ya trei, yai lililopasuliwa kiganjani. Ndani, kifaranga alikuwa ameshaota manyoya. Zilibaki siku tatu tu aanguliwe. "Niambie ukweli, mwanangu. Kosa la nani?"

Ulimi wangu, ule niliouona upanga, ulijikunja. "Fundi hakukaza bomba la dizeli."

Polepole alikuwa mlangoni. Alinitazama, wala si kwa hasira. Shangazi alipomwambia aondoke, alijibu, "Sawa, mama," akafuta spana zake moja moja kabla ya kuzifunga.

Wiki ileile nilifunga swichi ya presha ya oili. Shangazi akanisifu mbele ya watu, "Huyu kijana ana kichwa!" Nikazipokea sifa zile nikitazama viatu vyangu.

Mwezi wa pili baada ya hapo sikuweza tena kuvumilia. Nilimkuta Polepole uani kwake, akishona kiti kilichochanika. Nilimwambia yote, hata sifa nilizokula.

"Bomba nililikaza," alisema.

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Msamaha tutauzungumza. Shangazi yako bado anaamini nilimuulia vifaranga. Nikikutana naye njiani, anageuza uso."

Nilipiga magoti kwenye vumbi, hakuniinua.

"Kesho saa mbili," nilisema, "wote wakiwa wanapanga mayai, nitamwambia shangazi mbele yao: bomba lilikuwa sawa, kihisi nilichagua mimi, na wewe ulinionya nikakucheka."