Nilipomwona Uaminifu Akifua Mtoni

Jina langu ni Sikudhani, nami ni mfuaji wa mashuka ya hospitali. Siku moja msimamizi wetu, Bwana Kalolo, alitufokea mbele ya wauguzi kwa sababu mashuka yalichelewa kufika wodini, na wala hakujua kwamba mashine ya kukaushia ilikuwa imeharibika, maana sote tuliogopa kumwambia. Nilirudi nyumbani nimeazimia kuacha kazi. Nikajinyoosha mkekani mchana ule, usingizi ukanichukua na uchungu wangu.

Nikajiona katika bonde pana lenye nyasi nyeupe kama pamba. Kando ya njia aliketi mzee nadhifu aitwaye Manung'uniko, akiwakaribisha wapita njia kivulini pake. Waliokaa naye miguu yao ilikuwa ikizama ardhini taratibu, naye akiwaambia kwamba ubaya ni wa njia. Nilikuwa nimekwisha kukaa, ndipo mwanamke mmoja aliponishika mkono na kuniinua. Alisema jina lake ni Shukrani, akaniomba nifuatane naye kwenda kumwona Uaminifu.

Tulipita penye jumba ambamo bwana mkubwa, Cheo, alikuwa amekalia kiti kirefu, na kijana mwenye sauti tamu akimfuta viatu na kusifu kila alichotamka. Nilidhani kijana huyo ndiye Uaminifu, nikataka kumsalimu kwa heshima. Shukrani akanieleza kwamba yule ni Kujipendekeza, na kwamba wengi humkosea hivyo.

Akanipeleka mtoni. Humo alisimama mama mnene, maji yakimfika magotini, akifua mashuka. Cheo alikuja ukingoni kumhimiza, naye akainua uso akamjibu kwa upole kwamba maji yale yana tope, na kwamba mfereji wa juu ukizibuliwa kazi itakwenda. Cheo alikunja uso. Kisha akayatazama maji, akakunja suruali, akaingia kusaidia.

Nikamuuliza yule mama kama haogopi kufukuzwa.

"Naogopa, mwanangu," akasema Uaminifu. "Ila kuna mtu atalala juu ya shuka hili."

Shukrani akanigeuza niitazame ng'ambo. Nikamwona mwenzangu Bi Mwanjaa ameinamia karai, akifua fungu langu pamoja na lake, kama alivyofanya nilipojifungua, bila kunikumbusha hata mara moja. Machozi yakanitoka, nikaamka nayo mashavuni.

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimeuita woga wangu utii, na kwamba kazi niliyotaka kuitupa ilikuwa imenipa watu. Asubuhi iliyofuata nilimwendea Bwana Kalolo, nikamweleza habari za mashine. Akaniomba nikamwonyeshe. Alipoikagua alimwita fundi, kisha akaja kwenye chumba chetu cha kufulia akatutaka radhi sote.

Nilimshukuru Bi Mwanjaa kwa yale ya zamani. Alicheka kidogo tu, akanirushia ncha ya shuka, tukalikunja pamoja.