Kamba ya Vipimo

Krismasi tatu mfululizo sikwenda kwa mama kijijini Ulyankulu, na sababu ilikuwa hiyo hiyo: kila nikipiga hesabu ya zawadi, hela hazitoshi. Mimi ndiye mkubwa kwetu. Mkubwa anayeuza kwenye duka la vitambaa mjini Tabora atashukaje kwenye basi na mkate mmoja? Ningesemwa mpaka Pasaka. Mama alikuwa akiniambia kwenye simu, "Esperansi, njoo tu hivyo hivyo," nami nikaona hayo ni maneno ya adabu, mzazi hawezi kukwambia leta. Basi natuma elfu ishirini na salamu, najifunika shuka, siku inapita.

Mwaka huu nikaapa kwamba liwalo na liwe. Tangu Februari sikununua hata kandambili. Chai kavu asubuhi, mchana mihogo, na kutoka dukani Mtendeni mpaka chumbani kwangu Itetemia natembea kwa miguu. Desemba ikaingia nina laki nne na elfu kumi, nikajiona tajiri.

Jamani, ukiwa na hela, watu nao wanajua. Prachi, anayekaa kwenye kaunta ya malipo pale dukani, akaja na mtindo wa kuokota vikaratasi vya majina, kila mtu amnunulie mwenzake zawadi isiyopungua elfu arobaini. Mimi nikaokota Fiza, binti wa bosi! Mtoto mwenye mashali kabati zima, nami nimnunulie shali. Ningekataa? Niitwe mchoyo? Nikanunua. Bosi mwenyewe, Mama Nurjahan, kila Idi ananipa sukari na kanga, kwa hiyo naye nikampelekea tende za elfu ishirini na saba. Jirani yangu Mwanajuma alinipikia pilau mfungo ulipoisha, ikabidi nimrudishie kuku na mchele, elfu arobaini na tano. Wenzangu wa kwaya nao, vikombe, elfu arobaini nyingine. Hao wote ni kabla sijaigusa orodha ya kwetu. Usiku sikulala vizuri, ila nilijisemea kwamba mtu hawezi kuishi mjini kama jiwe.

Ya kwetu nikaipanga kwa hasira. Nguo za watoto watano wa Evaristi, mdogo wangu. Kitenge cha mkewe, shati la Evaristi mwenyewe, mchele na sukari. Halafu ya mama, hiyo niliiweka juu kabisa: gauni la kitenge cha nta, zito, lenye mikono mipana, aende nalo misa ya Krismasi wamwone wote waliosema binti yake amepotelea mjini.

Fundi wetu pale barazani ni Damas. Akaniuliza vipimo. Nikampigia simu Evaristi, nikamwambia ampime mama kwa kamba, kama tunavyofanya siku zote: fundo la kwanza kiuno, la pili kifua, la tatu nyonga, ampe konda wa basi. Kamba ikaja baada ya siku mbili, ya katani, imeviringwa kwenye karatasi ya daftari. Damas akailaza kwenye futi yake, akanitazama.

"Kiuno inchi ishirini na sita. Huyu ni mama yako au ni mwanafunzi wa darasa la sita?"

Dukani watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikapandwa na hasira. Mama yangu ni mtu wa mwili! Mama yangu alikuwa akibeba gunia la mahindi akiwa anaimba. Nikapiga simu pale pale.

"We Evaristi, umempima mama au umempima mbuzi?"

 

"Fanya unavyoona, dada," akasema.

"Nifanye ninavyoona nini? Ukipewa kazi ya kamba tu inakushinda!"

Nikakata. Nikamwambia Damas afungue daftari lake la zamani, vipimo vya mama vimo, kiuno inchi arobaini. Akasema, "Dada, ni vya miaka mitatu iliyopita. Waambie basi wampime tena." Nikamjibu kwamba mama yangu tangu nizaliwe ni yule yule, yeye akate kitambaa. Akakata. Kamba ile ilikuwa nzuri, sikuitupa. Nilifungia furushi la zawadi.

Tarehe ishirini na nne nikapanda basi. Mvua ilikuwa imenyesha, tukakwama mara mbili kwenye matope, lakini nilikuwa na furaha ya kijinga, natabasamu peke yangu kama bibi harusi. Mkewe Evaristi akanipokea furushi barabarani. Hakupiga vigelegele. Nikajisemea, huyu naye, kanuna nini?

Mama alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, amejifunika blanketi, na jua lile lote. Nikapita hatua mbili nikimtafuta. Wallahi nilimpita mama yangu mwenyewe.

"Esperansi," akaniita.

Nilipiga magoti. Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akacheka, meno yamekuwa makubwa mdomoni. Mkono alionishika ulikuwa mifupa mitupu.

"Usianze kulia, mimi mzima," akasema. "Niliwakataza wasikwambie. Wewe ukisikia utaitupa hela yako yote kwa waganga na mahospitali, na una maisha yako. Haya, niletee gauni langu. Wajukuu wamenisumbua nalo wiki nzima."

Nikaifungua ile kamba, nikatoa gauni. Tukamvisha mimi na wifi. Likamwangukia mabegani, likateleza, likabaki limemzunguka miguuni kama maji. Watoto wakacheka, mama yao akawafukuza.

Evaristi akaniita nyuma ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Zahanati walisema tangu Oktoba apelekwe hospitali kubwa Tabora. Basi hawezi, akitikisika anatapika damu. Gari la kukodi ni laki na nusu. Mbuzi wote nimeuza, hela imeishia kwenye dawa." Akatazama chini. "Alisema ukimaliza kununua zawadi huenda utabaki na chochote. Umebaki na ngapi, dada?"

"Elfu kumi na tisa. Nane ni nauli yangu."

Angenitukana ningeshukuru. Shali, tende, kuku, vikombe: nilijumlisha nikiwa nimesimama pale, laki na hamsini na mbili. Watu ambao hata hawakuniomba. Mtu mmoja aliniomba nije tu, miaka mitatu, na kamba akanitumia, nikaicheka.

Niliporudi mama alikuwa bado amesimama, ameegemea bega la wifi, gauni kalikusanya kifuani kwa mikono miwili.

"Kesho nakwenda nalo misa," akasema. "Nitafutie mkanda."

Mkanda haukuwepo. Nikaokota ile kamba ya katani mkekani, nikaizungusha kiunoni mwake juu ya kitenge cha nta. Hata kwa unene wa mikunjo yote ile, ncha ilikaribia fundo la kwanza. Evaristi hakuwa amekosea hata nusu inchi.

"Si kosa lako," mama akaniambia, akinipapasa kichwa. "Ni huyo fundi wako, kakosea vipimo."

"Ndiyo, mama," nikasema, nikafunga. "Fundi kakosea."