Mgongo wa Dereva

Jina alilopewa na mama yake tuliache. Wenzake kwenye kundi la wapiga picha za gemu walimwita Jicho, na jamaa alilipenda jina hilo kuliko alivyostahili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji. Akitoka kazini alikaa mbele ya televisheni, akashika pedi ya kuchezea, akaingia kwenye gemu moja kubwa ya vita ambayo mtu anaweza kuzunguka nchi nzima bila kugonga ukuta. Wengine humo walipigana. Yeye hakufyatua hata risasi moja. Alikuwa anagandisha mchezo, anaiachia kamera itembee peke yake, anasubiri jua la mle ndani lishuke kidogo, halafu anapiga picha.

Na tusimwonee, kupiga alijua. Wengine wote walikimbilia milima na machweo. Yeye alipiga sufuria iliyosahaulika kwenye jiko la nyumba iliyobomoka, na ukiitazama unajiuliza nani alikuwa anapika. Siri yake ilikuwa moja: picha safi mno hujulikana papo hapo kuwa ni ya gemu. Basi yeye aliichafua. Aliipinda kidogo, akaitia vumbi, akaipa ukungu pembeni, kana kwamba mpigaji alikuwa anatetemeka. Jina la gemu lililojitokeza kwenye kona alilifuta, eti linaharibu picha. Kundi zima likampigia makofi: "Jicho, hii kweli ni gemu?" Kichwa kikamvimba.

Sasa, Jicho alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, na mume wa dada huyo alikuwa dereva wa lori. Mtu wa mizaha, mabega mapana, na akichoka alivua kiatu cha kushoto tu, usiniulize kwa nini. Aliondoka na shehena ya unga kuelekea upande wenye mapigano, malori matatu kwa mpigo, na hayakufika. Hakuna simu, hakuna maiti, hakuna lori. Ofisi ya usafirishaji ikasema bado inafuatilia. Miezi kumi na minne inafuatilia! Watu wengine hawana haya.

Dada alingoja. Jamani, kungoja kule kulimla mtu mzima mzima. Alilala na simu kifuani. Kila lori lililofunga breki barabarani alitoka mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Nguo za mumewe alizifua kila mwezi ingawa hazikuvaliwa na mtu. Binti yake wa miaka tisa akiuliza baba yuko wapi, jibu lilikuwa "yuko njiani", mpaka mtoto akaacha kuuliza.

Jicho naye alimpenda sana shemeji yake, ila kulia hakujua. Siku moja ndani ya gemu akakuta lori la bluu limeungua kando ya barabara, bluu ileile ya lori la shemeji yake. Gemu hiyo inakuruhusu kuchagua mtu, awe hai au maiti, na kumweka utakapo. Akamtafuta maiti mwenye mabega mapana, akamketisha chini, bega limeegemea gurudumu, mgongo umeelekea kamera. Mguu wa kushoto akauacha mtupu. Mbali nyuma yake kulikuwa na mnara wa maji ulioinama. Akatazama kitambo kirefu, na machozi yakamtoka, peke yake, pedi mkononi. Halafu mikono ikafuata mazoea: akaichafua picha, akafuta jina la gemu, akaituma kwenye kundi bila neno lolote.

Hilo ndilo kosa lake. Mtu mmoja akaitoa kwenye kundi, mwingine akaiandikia kwamba ni dereva aliyeuawa kwenye barabara ya kule kule kwenye mapigano, na picha ikaanza kutembea simu kwa simu.

Wiki tatu baadaye dada akampigia. "Njoo. Shemeji yako ameonekana."

Alifika mbio, roho juu, anacheka na wapita njia, maskini. Dada akamshika mkono taratibu, akampeleka sebuleni. Ile picha ya lori la bluu ilikuwa ukutani, imekuzwa, imetiwa kwenye fremu ya mbao, kioo kimefutwa hadi kinang'aa.

"Ni yeye," dada alisema. "Nimetumiwa na mke wa dereva mwenzake. Tazama bega. Tazama mguu."

"Uso hauonekani, dada."

"Nimelala na mgongo huo miaka kumi na mmoja. Uso wa nini?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema, sentensi moja tu. Lakini dada akaongeza kwamba jana, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, amelala mpaka asubuhi. Jicho akasema pole. Pole!

Siku zilizofuata alishuhudia mtu akirudi duniani. Dada alilia siku nne, kilio cha kugaagaa, kisha akanyamaza, akaoga, akasuka nywele. Nguo za mumewe akazigawa kwa majirani. Akamkalisha binti yake kitandani, akamwambia kwa maneno yaliyonyooka kwamba baba amekufa na hatarudi, wakakumbatiana mpaka mto ukalowa. Akaanza kula. Siku moja akamtania Jicho kwamba shati lake limeshonwa kwa pazia la mtu, wakacheka wote wawili. Ungekuwa wewe, ungesema? Jicho alijiambia kwamba uongo huu haumuumizi mtu. Akajitia hamnazo mwezi mzima.

Mpaka Alhamisi moja alipomkuta dada anafunga begi.

"Naondoka Jumatatu. Nimepata dereva wa kunipeleka."

"Wapi?"

"Kwa mume wangu. Siwezi kumwacha kwenye vumbi kama gunia. Hata iwe mifupa, nitaileta."

"Dada, kule bado wanauana!"

"Najua wanauana. Wameshaniulia."

"Barabara yote hiyo, utampata wapi?"

Dada aligonga kioo cha picha kwa ukucha. "Huu mnara wa maji. Umeinama. Nitauliza kijiji kwa kijiji. Watu wa mahali hawawezi kuusahau mnara ulioinama."

Mnara ule haukuwapo popote duniani. Dada yake angepita katikati ya watu wenye bunduki akiuulizia, na asingerudi. Jicho akajaribu kupiga chenga: angoje kwanza hali itulie, na mtoto anamwachia nani?

"Nakuachia wewe," dada alisema, akaendelea kukunja sweta.

Kesho yake mchana Jicho alipiga moyo konde, akarudi na mashine yake ya gemu kwapani, akaiunganisha na televisheni ya dada.

"Umekuja kucheza?" dada aliuliza, nusu akicheka.

"Keti, dada. Tafadhali."

Lori la bluu likatokea. Mnara ukatokea. Kicheko kikamkauka dada. Mbele ya macho yake Jicho akabonyeza, na mtu akaja kutoka hewani, akaketishwa kwenye gurudumu, akageuzwa mgongo, akavuliwa kiatu.

"Nani kamvua kiatu?"

"Mimi."

"Na huo mnara?"

"Haupo, dada. Hakuna chochote hapo kilichopo."

"Mzungushe nimwone."

"Dada..."

"Nimesema mzungushe!"

Kamera ikamzunguka yule mtu polepole. Alikuwa kijana asiyefanana na yeyote, ndevu zimepakwa kama masizi, macho wazi hayatazami popote. Waliotengeneza gemu hawakujisumbua. Uso ni huohuo mmoja kwa maiti wote wa mle ndani.

"Nimemlilia huyu," dada alisema. Sauti haikupanda, na hilo lilimtisha Jicho kuliko makelele. "Nguo za mume wangu nimegawa kwa ajili ya huyu. Na wewe ukasimama hapa, ukaniambia pole."

"Niliona unalala. Niliona unakula, dada. Nisamehe."

"Nilikuwa nimempata, nikamzika. Sasa yuko wapi? Amekufa? Amefungwa mahali, ananiita? Nianze kungoja upya, si ndiyo? Nianzie wapi?"

Jicho akalia, safari hii mbele ya mtu, na haikusaidia kitu.

Mlango ukafunguka. Binti alikuwa ametoka shule. Alipoona mashine ya gemu akafurahi, alipoona lori la bluu furaha ikakatika.

"Mama, huyu nani? Mbona amekaa pale pa baba?"

Jicho akanyoosha mkono azime. Dada akamdaka kifundo cha mkono.

"Usizime. Mwambie."

"Huyu ni mtoto, dada, nakuomba."

"Mimi nilimkalisha nikamwambia baba yake amekufa. Kazi hiyo niliifanya peke yangu. Hii ya kumwambia kwamba hatujui ni yako."

Akamwachia mkono. Mtoto akavua begi la shule, akaketi sakafuni mbele ya mjomba wake, akamtazama usoni.