Sidi Anashuka na Takataka

1.

ILANI YA WAKALA
Mfanyakazi haruhusiwi kuhama nyumba kabla ya mkataba kwisha. Malalamiko yote yaletwe kwa wakala.

2.

Sidi aliyaleta. Alimpigia wakala, Bwana Mwachiro, aliyekuwa mji huo huo, akamweleza kwamba kijana mkubwa wa bosi humwingilia chumbani, na kwamba mama mwenye nyumba, alipoambiwa, alimchoma mkono kwa pasi.

"Vumilia, dada. Hao ni watu wazuri, ila"

Simu ikakatika.

3.

Kutoka sebuleni:
Sidi, chai!
Sidi, viatu!
Sidi!

Usiku, mlangoni pake:
     Sidi.

4.

Wewe unayesoma, usimuulize mbona hakuondoka mapema. Pasipoti anayo bosi. Ufunguo wa mlango anao mkewe. Na kwao, Kilifi, ni ng'ambo ya bahari.

5.

Kadzo, msichana wa kwao, ameajiriwa jengo la jirani. Huzungumza wakianika nguo, kila mmoja kwenye roshani yake, kwa Kigiriama cha kwao ili wasieleweke.

"Mkono umefanyaje?"

"Nimeungua."

"Umeungua, au umechomwa?"

Sidi aliikamua shuka ambayo haikuwa na maji tena.

"Nimechomwa."

"Basi kesho ukitumwa kutupa takataka, usirudi juu. Nitakuwa chini."

6.

Kesho yake, adhuhuri, mama mwenye nyumba alimfungulia mlango, macho kwenye simu.

"Haraka!"

Ngazi.

Ngazi.

Ngazi.

Miguu ilitaka kukimbia, akaibembeleza. Kadzo alimpokea chini, akamshika mkono ule mzima.

"Usigeuke. Tembea kama umetumwa."

7.

Katika ofisi ya kutetea wafanyakazi walipewa maji. Hawajamaliza kunywa, Mwachiro akaingia, jasho likimtiririka.

"Huyu msichana ni wangu. Bosi wake amenipigia, na najua wote hukimbilia hapa. Nimekuja kumchukua."

Karani, mama wa makamo, alimgeukia Sidi.

"Wewe mwenyewe unasemaje, mwanangu?"

Sidi alisimama.

"Sirudi."

"Hujui unachokisema," Mwachiro alifoka.

"Najua. Sirudi."

Karani akamwonyesha Mwachiro mlango. Akatoka, akiwa ameshaanza kupiga simu.

8.

Kadzo naye alikuwa ameinuka.

"Mimi niende. Watauliza nilikuwa wapi."

"Wakiuliza watakufanya nini?" karani alimuuliza.

Kadzo alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Kadzo," Sidi aliita, "na kwako je, hawakuchomi?"

Kadzo aliutazama mkono wa Sidi uliochomwa.

Hakufungua.