Mstari Mmoja kwa Siku

Kwanza uelewe kitu kimoja: baba yangu hakuwa mtu wa kupuuza dini. Usije ukadhani. Kwenye karakana yake ya kuchomelea, kabla mashine haijawashwa, kabla hata hajafungua kufuli la sanduku la vifaa, Biblia ilikuwa lazima ifunguliwe. Anafumba macho, anaipasua katikati kama mkate, anashusha kidole. Popote kinapotua, anasoma huo mstari kwa sauti, mmoja tu, halafu anaifunga na kuirudisha juu ya kabati la rangi.

"Neno moja linatosha siku," anasema. "Mlafi ndiye anayetaka mawili."

Alifundishwa hivyo na mama yake, marehemu bibi, na dada yake, yaani shangazi yangu, ndiye bingwa wa mambo hayo. Kwetu tunaita kupiga kidole. Watu wanapiga kidole kabla ya kuoa, kabla ya kusafiri, kabla ya kununua kiwanja. Mimi mwenyewe nilipigiwa kabla ya mtihani wa mwisho. Kikatua kwenye vipimo vya mapazia, dhiraa kadhaa kwa dhiraa kadhaa, shangazi akapiga makofi, eti hiyo ni ishara nitafanya vizuri hesabu. Hesabu ndiyo niliyofeli kuliko zote.

Basi shule ikaisha, nikawa nipo nipo tu. Miguu inawasha, kichwa kinataka kwenda mahali ambapo hata chenyewe hakipajui. Baba akaona nitaota kutu, akanivuta karakanani. Wateja walimwita Cheche. Mimi akanibandika jina la Msomi, na hakulisema kwa sifa.

"Msomi, lete nyundo. Sio hiyo. Hiyo ni koleo, Msomi. Huko shuleni walikuwa wanakufundisha nini, kupiga miayo?"

Asubuhi moja tulikuwa tunanyanyua geti la mtu, geti la zamani limekuja kutiwa bawaba mpya. Upande wangu ukateleza kwenye kigoda, upande wake ukashuka na kona yake yenye kutu ikamwingia mguuni, juu ya vidole. Alikuwa amevaa ndala. Mama alishaimba wimbo wa viatu vya kazi mpaka sauti ikakauka, jibu lilikuwa lilelile: mguu nao unataka kupumua. Akakaa chini, akaosha, akamwagia mafuta ya taa, akafunga kitambaa cha kufutia rangi, akainuka kumalizia geti.

"Mzee, hicho kidonda ni kirefu," nikamwambia.

"Na geti ni refu pia. Shika huko."

Mguu ukavimba. Tukasema uvimbe ni kawaida. Halafu ukaanza kubadilika rangi, halafu ukaanza kunuka, na hapo mama akasema basi, twende hospitali. Baba akasema sawa, lakini kwanza apige kidole, maana hilo si jambo dogo. Shangazi akaitwa, mimi nikaileta ile Biblia ya karakanani. Baba akaegemea ukuta pale kitandani, akafumba macho, akapasua, akashusha.

Akasoma. Kisa chenyewe ni cha mfalme mmoja aliyeshikwa na ugonjwa wa miguu, ukawa mkali sana, na hata katika kuumwa kwake hakumwelekea Mungu, alikimbilia matabibu. Mstari unaofuata, ambao baba alichungulia kinyume cha desturi yake, ulisema mfalme akafa.

Hata mimi nywele zilinisimama, usinicheke. Kitabu kinene namna ile, kina bahari, kina vita, kina ng'ombe na kondoo, kidole kikaenda kutua kwenye miguu.

"Miguu!" shangazi akasema. "Kaka, umesikia? Miguu!"

"Wifi," mama akasema, "huu mguu unanuka."

"Unanuka kwa sababu ndani ya nyumba hii imani imeoza."

"Mungu hawezi kumwambia mtu asitibiwe."

"Ameshasema. Ameshasema, wifi yangu, na wewe umesikia kwa masikio yako mawili. Kama una mstari wako unaosema vingine, utoe."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Hapo ndipo ninapotaka uelewe. Nyumba yetu ni ya Wakristo tangu bibi. Ibada hatukosi, kwaya tunaimba, ubarikio nimepata na picha ipo ukutani. Lakini siku ile, kati yetu wote, hakuna aliyekuwa na neno la kumjibu shangazi. Kila mmoja alijua mistari ya kubandikwa kwenye kuta na migongo ya magari. Mchungaji wetu alikuwa amefiwa kwao mbali, simu yake haipatikani. Na baba humbebi kwa nguvu. Nilijaribu kumwinua, akanishika kifundo cha mkono kwa ile mikono ya kunyoosha nondo, taratibu tu, mpaka nikakaa mwenyewe.

"Yule alienda kwa matabibu, akafa," akasema. "Mimi siendi. Nendeni mkafungue karakana."

Karakana nilifungua lakini kazi sikufanya. Biblia nilikuwa nimeondoka nayo, nikakaa juu ya kile kigoda, nikasema ngoja nimjue huyu mfalme ni nani hasa. Maana hata mtaani, mtu akikwambia fulani kafa, unauliza alikuwa mtu gani.

Nikarudi juu, kabla ya ule mstari. Kumbe jamaa alianza vizuri kabisa. Alivamiwa na jeshi la kutisha, akamlilia Mungu, akashinda. Uzeeni jirani akamtisha kidogo tu, akachukua fedha na dhahabu za hekaluni akaenda kumkodi mfalme wa kigeni amsaidie. Nabii akaja kumwambia ukweli, akamtupa gerezani, akaanza na kuwaonea watu wake. Ndipo miguu ikafuata. Yaani ugonjwa ulimkuta mtu ambaye alishanuniana na Mungu siku nyingi! Habari haikuwa matabibu hata kidogo. Nikafunga mlango, nikakimbia na Biblia nyumbani.

Baba alinisikiliza amefumba macho. "Kidole hakikutua huko juu," akasema.

"Lakini baba, ni ukurasa uleule!"

"Kidole, Msomi."

"Hivi mteja akikuletea kipande kimoja cha nondo akasema hili ndilo geti langu, utampimia?"

Akafungua jicho moja. Shangazi akaingilia kati: "Mtoto huyu kafeli hesabu, sasa anatafuta kufeli na dini."

Pembeni ya ukurasa kulikuwa na vile viandishi vidogo vinavyokutuma sehemu nyingine. Vikanituma kwenye vitabu vya Wafalme. Nikamkuta mfalme yuleyule, na miguu yake ileile, na hakuna hata nusu neno kuhusu matabibu. Nikaenda mbele. Nikawa nasoma pale pale kando ya kitanda, kwenye benchi, mama akifungua dirisha na kulifunga, maana harufu ikitoka mainzi yanaingia.

Sasa nani aliwahi kuniambia kwamba humu ndani kuna mambo kama yale? Ukame mpaka wafalme wanatafutia farasi majani wenyewe. Nabii anachukuliwa mbinguni kwa upepo wa kisulisuli. Nikafika mahali kuna jamaa anakata miti, shoka likachomoka likazama mtoni, analia kwa sababu ni la kuazima. Nikacheka.

"Unacheka nini?" baba akauliza.

Nikamsomea. Nabii akatupa kijiti, chuma kikaelea.

"Chuma kielee?" Akacheka, akaishia kwa kukunja uso. "Hilo halikuwa shoka, lilikuwa bati." Akajiweka sawa kitandani. "Halafu?"

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia baba akiomba mstari wa pili.

Nikasoma kwa sauti. Mfalme anaingia, mfalme anatoka, huyu kauawa na watumishi, huyu kawa na ukoma. Baba akawa anauliza maswali, anabisha, anatukana wafalme wengine kama wateja wabaya. Na mimi nasoma huku natazama shuka, kwa sababu weusi ulishapita kifundo cha mguu na ngozi ya muundi ilikuwa inang'aa kama imepakwa rangi sasa hivi. Niongeze kasi? Niruke? Niruke kwenda wapi, wakati sijui ninachokitafuta kipo au hakipo? Mimi kufungua daftari asubuhi ya mtihani nimeshafanya sana, najua jasho lake. Unapekua, unapekua, jibu liko humo, na msimamizi anasema wekeni kalamu chini. Tofauti ni kwamba hapa mtihani ulikuwa umelala kitandani, una homa.

Ndipo nikafika kwa Hezekia. Mfalme mgonjwa, nabii Isaya kaja kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, atakufa. Hezekia akageukia ukuta akalia. Mungu akamrudisha nabii kabla hajafika mbali: mwambie nimemsikia, nitamponya. Na nabii akasema leteni andazi la tini, yale matunda yaliyopondwa. Wakaleta, wakaweka juu ya jipu, akapona.

"Rudia hapo," baba akasema.

Nikarudia.

"Mungu alishasema atamponya?"

"Alishasema."

"Na bado nabii akaagiza dawa."

"Akaagiza. Nabii mwenyewe, baba, sio jirani."

Akanyoosha mkono, akagusa ukurasa. Mama alikuwa amesimama na beseni mkononi.

"Hiyo imekuwemo humo siku zote?" baba akauliza.

"Siku zote."

"Kwenye ile ya juu ya kabati?"

"Ndiyo hii hapa, baba."

Shangazi akasema kutoka mlangoni, lakini sauti haikuwa na nguvu ya mwanzo: "Kaka, utaacha ulichopewa wewe, ushike cha mwingine?"

"Dada, vyote vimetoka chungu kimoja. Sisi nani alitufundisha kudonoa punje moja moja kama kuku, halafu tunasema tumeshiba?" Akanigeukia. "Msomi. Nipelekeni."

Tulimlaza kwenye mkokoteni wa karakana juu ya godoro. Shangazi naye alisukuma, analia, kilemba kimemdondoka, hakukiokota.

Daktari alikuwa dada mmoja mwembamba, hana maneno mengi. Alifungua kitambaa, akauliza: "Mzee, unakunywa maji sana? Unaamka mara nyingi kwenda kukojoa?"

"Wewe umejuaje?" baba akasema.

Kumbe ana sukari, na alikuwa nayo siku nyingi bila kujua. Daktari akatuita pembeni mama na mimi. Akasema mguu utakatwa juu ya goti, leo hii, na hata hivyo sumu imeshaingia kwenye damu. "Mngemleta kidonda kikiwa kidogo..." akasema, akaiacha sentensi hapo. Mama akaketi sakafuni. Hakulia, aliketi tu, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa anakwenda.

Wakakata. Akaamka, akapapasa shuka pale palipokuwa tupu, akavuta mkono taratibu.

"Tuliishia wapi?" akaniuliza.

Nikamalizia Wafalme. Mji ukachomwa, watu wakachukuliwa mateka. Kitabu kinachofuata kinaanza na majina. Fulani akamzaa fulani. Nikapekua mbele, majina. Nikapekua tena, majina.

"Baba, hapa ni majina matupu, kurasa kwa kurasa. Turuke?"

"Tumeruka vya kutosha."

Basi nikasoma majina. Ulimi unajikwaa, nayavunjavunja, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akasema: "Kijana, hao watu unawasoma au unawapiga?"

"Mwache," baba akasema. "Anawasalimia."

Homa ilikuwa inapanda, muuguzi anakuja anabadilisha chupa ya maji ya mshipani, anaangalia karatasi ya kitandani, anaondoka bila kututazama usoni. Shangazi alikuwa mwisho wa kitanda, ameshika ule mguu mmoja uliobaki, anausugua kwa viganja. Mama alikuwa kichwani. Mimi naendelea. Nikafika kwa mtu mmoja aliyekuwa baba wa watu wa bonde la mafundi.

"Mafundi?" baba akauliza. Sauti ilikuwa imebaki ndogo.

"Ndiyo. Inasema bonde lao liliitwa hivyo kwa sababu walikuwa mafundi."

"Mafundi wa nini? Wa chuma?"

"Haijasema."

"Yaani Mungu kawaandika." Akapumua kwa shida, akapumua tena. "Soma mbele. Labda itasema."

Nikasoma mbele. Majina, majina, halafu watu waliofuma kitani safi. Nikamwambia, baba, hawa ni wafumaji. Hakujibu. Nikasoma, nikawakuta wafinyanzi, waliokaa na mfalme wakimfanyia kazi yake. Nikainua kichwa nimwambie, baba, wafinyanzi nao wamo, nikaona mkono wa mama umefunika macho yake. Macho ya baba, sio ya mama.

Shangazi akapiga ukelele mmoja. Muuguzi akaja, akagusa shingo, akatazama saa yake, akaanza kuvuta pazia. Mimi bado nimeishika Biblia iko wazi, sijui niifunge au nifanyeje. Muuguzi akaniambia kwa upole, kijana, inatosha sasa.

"Malizia," mama akasema.

Shangazi akanyamaza, akakaa, akafuta uso kwa kiganja. Nikasoma sura ile mpaka mwisho, jina baada ya jina, hata yale yanayonishinda. Haikusema kama kulikuwa na mtu wa chuma.